Nilificha operesheni ya kupunguza uzito, nikaishia kutembea kama mlevi: yaliyonikuta Bariadi

Wakuu, mwangaluka.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa miaka mingi. Huu ni uzi wangu wa kwanza, na naandika polepole maana vidole vyangu havina hisia kama zamani. Mtanivumilia kwenye makosa ya kuandika.

Niseme jambo moja kabla sijaanza. Kuna siku kama tisa za maisha yangu ambazo kichwani kwangu hazipo kabisa. Hizo nimesimuliwa na mke wangu, na nikizifikia nitawaambia. Yaliyobaki yote ni yangu, siongezi chumvi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nina karakana hapa Bariadi mjini, natengeneza plau za kukokotwa na ng'ombe, mageti, madirisha na matela. Nina miaka arobaini na nne, mke mmoja na watoto watatu. Mkubwa ni Kabula, kwa hiyo mke wangu nitamwita Mama Kabula, ndivyo ninavyomwita hata nyumbani.

Nilikuwa bonge. Sisemi kitambi, nasema bonge.

Siku moja nilienda zahanati kwa ajili ya presha, nesi akanipandisha kwenye mzani, mshale ukaenda mpaka mwisho ukagoma hapo. Akasema, "Baba, mzani wetu umeishia hapo." Nilipowasimulia jamaa wa ghala la pamba jirani na karakana yangu, wakanivuta kwenye mzani wao wa kupimia marobota. Kilo mia moja hamsini na mbili. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Ila nilirudi karakana nikakaa muda mrefu bila kuwasha mashine.

Sukari ilikuwa imeshaanza. Magoti yalikuwa yananiuma nikiinama kuchomelea. Nikilala chali napaliwa, kwa hiyo nilikuwa nalala nimeegemea mito kama mtu aliyekaa. Nilijaribu diet zote mnazozijua, nikapungua kilo nane, zikarudi kumi na mbili.

Mdogo wangu Sita anaishi Dar. Yeye ndiye aliyenielekeza hospitali moja binafsi wanakofanya upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Wanaondoa sehemu kubwa, linabaki jembamba kama ndizi. Unakula kidogo, unashiba. Niliwasikiliza, nikapimwa, nikakubali.

Nyumbani nikasema naenda kufanyiwa operesheni ya ngiri.

Najua mtauliza kwa nini. Nimejiuliza sana na mimi. Kwetu Usukumani mwanaume akiwa na mwili wanasema maisha yamemkubali. Wakwe zangu wa kule Sola, Maswa, walikuwa wakinionyesha kwa wageni: huyu ndiye mkwe wetu. Sasa nianze kuwaeleza kwamba nimelipa watu wanikatie tumbo zima lisilo na ugonjwa?

Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa najipa. Sababu ya kweli ni aibu. Mimi nakunja vyuma kwa mikono, halafu niseme nimeshindwa na sahani ya ugali. Nikaona bora ngiri.

Sita alinisindikiza, nikamwapisha asimwambie mtu. Upasuaji ulienda vizuri kabisa, hospitali ile sina la kuwalaumu. Walitoboa matundu matano madogo tumboni, siku ya tatu nikatoka nikitembea mwenyewe.

Kabla ya kuondoka mama mmoja wa lishe alikaa na mimi karibu saa nzima. Akanipa ratiba: wiki za mwanzo vimiminika, halafu vitu laini, halafu kidogo kidogo. Akanipa na chupa ya vidonge vya vitamini.

"Baba, hivi ni vya maisha," akaniambia. "Sio vya mwezi mmoja. Na ukiona unatapika siku mbili tatu mfululizo, usikae nyumbani. Tupigie simu."

Nikaitikia. Namba yake nikaiandika kwenye simu kwa jina la duka la vyuma, mke wangu asije akaiona.

Hapo ndipo mjue nilivyokuwa nimejipanga kuficha. Akili yangu yote niliipeleka kwenye kuficha, kwenye kupona haikubaki.

Nyumbani tatizo lilianzia mezani. Mtu wa ngiri anakula kama kawaida. Mama Kabula ananiwekea ugali wangu wa siku zote na samaki, watoto wananiangalia, Jumapili wageni wapo. Nikila vijiko vitano nimejaa mpaka kooni. Lakini nikiacha naulizwa, baba unaumwa? Kwa hiyo nilikuwa namaliza sahani, nasubiri kidogo, naenda nyuma ya choo kutapika.

Mwanzoni mara moja kwa siku, baadaye kila nilichokula. Mpaka uji ukawa haukai.

Ile chupa ya vidonge nilikuwa naificha karakana ndani ya boksi la rodi za kuchomelea. Wiki mbili za kwanza nilimeza. Kutapika kulipozidi hata vidonge vikawa vinatoka. Nikaviacha. Nikajiambia mwili unazoea, utatulia wenyewe. Kilo zilikuwa zinashuka, kwa hiyo niliona mambo yanaenda.

Tarehe ya kurudi Dar kuonwa ilifika. Nikampigia Sita nikamwambia niko fresh, kazi ni nyingi.

Mtaani miezi ile ilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza watu walinitania, fundi unapendeza. Wa pili wakaanza kuuliza kwa sauti ya chini. Wa tatu wakaacha kunitania kabisa. Ukiona watu wa Bariadi wameacha kukutania kuhusu mwili wako, ujue kuna mengine wanayazungumza ukishapita.

Niliyajua wanayoyazungumza. Sikuyajibu.

Kisha miguu ikaanza ganzi. Ilianzia vidoleni, kama nimevaa soksi wakati sijavaa. Nikasema ni sukari.

Siku moja nachomelea plau ya mzee mmoja wa Kiloleli, nimevaa ndala (ndiyo, najua, msinianze). Nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikamuuliza fundi mwenzangu Shija, nani anachoma nyama saa hizi? Shija akanitazama miguuni, akaruka akanisukuma. Kipande cha chuma cha moto kilikuwa kimekaa juu ya mguu wangu, kimeshachimba.

Sikuhisi chochote, wakuu. Nilikuwa nautazama kama mguu wa mtu mwingine.

Shija akasema, "Bosi, hii siyo kawaida. Nenda hospitali."

Nikafunga kitambaa nikaendelea na kazi.

Wiki iliyofuata macho. Nilikuwa naona vitu viwili viwili. Nikishusha kioo cha kuchomelea naona mishono miwili, sijui upi ni wa kweli. Na kutembea kukaharibika. Ilibidi nitanue miguu, na bado nilikuwa nayumba na kugonga miimo ya milango.

Mimi ni mzee wa kanisa. Pombe niliacha kabla sijaoa. Sasa mzee wa kanisa anayumba barabarani saa nne asubuhi, macho yanacheza, amekonda. Mnadhani watu watasema nini?

Mchungaji aliniita. Aliongea kwa upole sana, hilo namshukuru. "Mzee mwenzangu, kama umerudia kinywaji, sema tukusaidie." Nikamwambia sijanywa. Akaniangalia, akasema tuombe. Wakati anaomba nilishika meza kwa mikono miwili nisianguke.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale. Mbele ya mtu asiye na neno baya na mimi. Nikaitikia amina, nikaondoka.

Nilianguka Lamadi. Tulikuwa tumeenda mimi na Shija kufunga geti la nyumba ya wageni kule karibu na barabara kuu. Nakumbuka jua, nakumbuka harufu ya dagaa, nakumbuka nimeshika drili. Baada ya hapo picha zinakatika.

Kuanzia hapa ni maelezo ya Shija na ya Mama Kabula.

Shija alinibeba mpaka zahanati moja ya pale. Wakapima malaria, hakuna. Wakaona nimekauka, nimelegea, siku kadhaa sijala kitu kikakaa tumboni. Wakanitundikia dripu ya glukosi. Ni jambo ambalo mtu yeyote angefanya kwa mgonjwa wa namna ile.

Lakini mwili wangu ulikuwa umeishiwa vitamini B1. Nilivyokuja kueleweshwa, mwili unahitaji hiyo vitamini ili kuitumia sukari. Ukimpa sukari mtu ambaye hana B1 kabisa, ile kidogo iliyobaki nayo inakwisha, na ubongo ndio unaoumia. Ilitakiwa nipewe B1 kwanza. Wale wa zahanati wangejuaje? Mtu pekee aliyekuwa na jibu alikuwa amelala pale, na alikuwa amelificha.

Kesho yake asubuhi nilikuwa sijui niko wapi.

Mama Kabula alikuja na gari la kukodi akanirudisha Bariadi, hospitali. Anasema njiani nilikuwa naongea vizuri tu, kwa utulivu, ila maneno hayakuwa na ukweli. Nilimwambia asubuhi ile nimekula ugali na sato mkubwa pamoja na mwenye nyumba ya wageni, na nimeshiba sana. Nilieleza mpaka mchuzi ulivyokuwa. Akaniuliza, lini? Nikasema, sasa hivi, na wewe si ulikuwepo?

Wodini nilimpokea baba mkwe kwa heshima zote, nikamwambia ng'ombe wamefika salama. Hakukuwa na ng'ombe wowote. Mzee wa watu akatoka nje akafuta macho.

Shangazi yangu akaja na msimamo wake kwamba nimerogwa kwa sababu ya karakana, na kuna mtaalamu kule kwao anasubiri. Alishapata hata gari. Simlaumu. Mtu mzima anayumba, anaona viwili viwili, anaongea habari za ng'ombe wasiokuwepo, vipimo vyote havionyeshi kitu. Wewe ungesema nini?

Mama Kabula alimwambia, "Shangazi, nipe leo tu. Kesho tutaongea."

Siku hiyo ndiyo aliyoingia zamu daktari mmoja dada, kijana kabisa. Aliangalia macho yangu yanavyocheza. Aliniambia nisimame, nikashindwa. Kisha akafunua shati kunipima tumbo, akayagusa makovu moja moja.

"Mama, huyu baba amewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Ndiyo. Ngiri, huko Dar, miezi minne imepita."

"Ngiri ya wapi?"

"Ya kinenani, alisema."

Daktari akamwonyesha yale makovu matano. "Ngiri ya kinena haikatwi huku juu, mama. Na huku chini hana kovu. Kuna mtu alikuwa naye huko Dar?"

Mke wangu akampigia Sita akiwa amesimama pale pale kando ya kitanda.

"Shemeji, kaka yako alifanyiwa nini huko?"

Sita akasema, "Si ngiri, shemeji."

"Shemeji, daktari yuko hapa anatazama tumbo lake. Kaka yako hanijui. Ananiita kwa jina la marehemu mama yenu. Nakuuliza tena, alifanyiwa nini?"

Anasema Sita alivuta pumzi mpaka ikasikika kwenye simu. "Mpe daktari simu."

Kwa hiyo Mama Kabula alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Alisikia daktari akisema, "Kupunguza tumbo? Lini? Anameza vitamini? Amekuwa akitapika?" Na akawa anajijibia mwenyewe kichwani, maana kutapika alikuwa ameniona, mara nyingi, nyuma ya choo. Alikuwa hajawahi kuniambia kwamba ameona.

Mwanzo niliandika hapa kwamba baada ya simu hiyo alienda kuninunulia maji. Amesoma akasema niondoe. Hakwenda kununua maji. Alienda kukaa kwenye ngazi za jengo la wazazi, akalia, akarudi.

Daktari hakusubiri vipimo. Alisema vipimo vya vitamini hapa havipo na muda haupo. Walianza kunichoma B1 na nyingine za kundi hilo zilizokuwepo, jioni hiyo hiyo wakapanga rufaa ya Mwanza. Shangazi aliporudi asubuhi na gari lake, akakuta tumeshaondoka na ambulansi.

Mwanza waliendelea na sindano, dozi kubwa, mara tatu kwa siku. Siku ya pili macho yakaanza kutulia. Kumbukumbu yangu ya kwanza ni dirisha la wodi na Mama Kabula anamenya chungwa. Nikamwita jina lake la kuzaliwa, ambalo simwiti kamwe. Akaacha kumenya.

"Mimi ni nani?" akauliza.

"Mama Kabula."

Akaendelea kumenya chungwa.

Tulikaa kule karibu mwezi. Miguu ilikataa kwa muda mrefu, nikajifunza kutembea kwa kushika vyuma viwili sambamba kama mtoto. Daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliniambia wazi: macho yatarudi, akili itarudi sehemu kubwa, miguu itarudi kiasi, mengine tutaona. Ndivyo ilivyokuwa. Leo, zaidi ya mwaka na nusu, natembea na fimbo nikitoka mbali. Vidole vya mikono bado vina ganzi, sichomelei tena, nasimamia na kuchora, Shija ndiye anachoma. Jioni nakagua nyayo zangu kama nina kidonda, maana zenyewe haziniambii. Nasahau majina. Nikihadithiwa jambo leo, kesho naweza kuliuliza upya.

Uzito ni kilo tisini na nne. Sukari imeshuka, nalala chali kama watu. Kwa hiyo wale mtakaokimbilia kusema operesheni ni mbaya, mimi sisemi hivyo. Ilifanya kazi yake. Kuna wenzangu niliokutana nao kliniki wameifanya, wanameza vidonge vyao, wako vizuri kabisa.

Sasa nimalizie na lililonifanya niandike.

Tuliporudi nyumbani Mama Kabula hakuwahi kunigombeza. Ananipa vidonge, ananipikia sahani yangu ndogo peke yake, kila mwezi ananipeleka sindano ya B12. Nilidhani amesamehe, au ameamua yapite. Miezi ikapita hivyo.

Mwezi uliopita tulikuwa tunachambua choroko nje, wawili tu. Nikamwambia, najua nilikukosea, nilikudanganya kuhusu ngiri. Hakuinua macho.

"Ngiri siyo iliyoniuma," akasema. "Ulivyoanza kukonda watu walinifuata dukani, sokoni, mpaka kwenye kwaya. Nilienda kupima virusi, Baba Kabula. Mara ya kwanza nikaenda hapa. Wakaniambia sina. Sikuamini, nikaenda Maswa wasikonijua. Wakaniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Mpaka siku ulipoanguka nililala na wewe kitanda kimoja nikiwaza watoto wangu watabaki na nani. Na wewe ulikuwa unajua ni nini. Ungesema neno moja tu ningelala."

Nikaweka ungo pembeni.

Mimi nilikuwa nahesabu madhara yangu: macho, miguu, vidole, zile siku tisa. Kumbe mwenzangu alikuwa na miezi yake ambayo hakuna daktari aliyemuuliza habari zake. Nilimwomba radhi. Akasema amesikia. Tukaendelea na choroko.

Niliyojifunza ni machache. Vitamini baada ya operesheni hizi ni sehemu ya operesheni yenyewe, ukiziacha umeiacha katikati. Kutapika kwa siku kadhaa siyo mwili kuzoea. Ganzi, kuona viwili viwili, kuyumba, hizo ni dharura, nenda siku hiyo hiyo, na popote utakapofika, hata zahanati ya porini, sentensi yako ya kwanza iwe kwamba umefanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula, kabla hawajakutundikia kitu. Kama huwezi kuongea awepo mtu mwingine anayejua. Mimi si daktari, msitibiwe na uzi wangu, waulizeni wenye taaluma.

Wenye uzoefu karibuni, hasa mliopitia ganzi ya miguu, mnieleze yenu ilichukua muda gani. Wenye maswali ulizeni, nitajibu polepole. Wenye matusi nayo tutayasoma.

Lakini kama kuna mtu humu amefanya kama mimi na nyumbani hawajui, ndugu yangu, usianze kwa kuniandikia mimi. Funga simu, nenda kamwambie aliye ndani ya nyumba yako. Sisi wa humu tutakusubiri.